Bibi Hakuwa Mpole

Mtoni, Temeke
12 Januari 2025

Babu Gervas, shikamoo.

Ni mie Zuena, mjukuu wa Bibi Mwanabaraka, mie uliyekuwa unaniita Kijiti enzi zile mnaishi nyumba ya ubavuni kwetu hapa Mtoni. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu najua masikio yako siku hizi hayashiki simu, na meseji ulishasema herufi zake ni sisimizi. Barua hii nampa kondakta wa basi la Tabora pale stendi ya Mbezi, bintiyo Shangazi Apolonia ataipokea huko.

Babu, Bibi hatunaye tena. Amefariki Jumatatu. Hakuumwa. Jumapili jioni alikuwa barazani anagombana na muuza dagaa, akaingia ndani kulala, asubuhi nikamkuta ameshaondoka. Tumemzika siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Mjomba Mwishehe alikataza. Unamjua, mwanawe mkubwa, siku hizi anaishi Kinondoni na anajiheshimu sana. Alisema, "Mkimwambia yule Mnyamwezi atakuja kulala kaburini adai jogoo, atuaibishe mbele ya masheikh." Simu nilikuwa nayo mkononi, machozi yananitoka, na mtu aliyenilea yuko ndani kafunikwa shuka. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Lakini kinachoniuma sasa ni kingine. Kwenye matanga kila aliyesimama alisema Bibi alikuwa mpole. Bibi, mpole? Bibi aliyemchapa Mjomba mwiko mbele ya wakwe zake? Bibi aliyekuwa anapanda bodaboda kiume, baibui kalikunja magotini, anamwambia dereva aache kuendesha kama anabeba mayai? Wakasema hakuwahi kumkwaza mtu, na muuza dagaa yupo palepale anaitikia amin. Nikawa nawatazama tu. Huyo wanayemlilia mie simjui.

Yeye mwenyewe aliniambiaga, "Siku nikifa, Gervas asipokuja kunicheka, mjue bado hamjanizika." Arobaini ni Jumamosi, tarehe kumi na tano Februari. Njoo, Babu. Mjomba niachie mie.

Na jambo moja. Napanga vitu vyake, nimekuta chini ya kitanda kubadhi moja la kiume, la ngozi, jipya kabisa, limefungwa kwenye gazeti. La mguu wa kushoto. La kulia nimelitafuta nyumba nzima, halipo. Mjomba anataka nilitupe, watu wasije wakasema mambo ya kishirikina. Nimelificha. Unajua ni la nani?

Mjukuu wako,
Zuena


Ipuli, Tabora
19 Januari 2025

We Zuena,

Shikamoo yako nairudisha kwa basi hilohilo. Mtani hapewi shikamoo msibani. Na hiyo barua umeiandika kwa adabu utadhani unaomba kazi.

Kwa hiyo kale kabibi kamekufa. Vizuri. Mtumwa wangu amekufa bila ruhusa yangu, na jogoo wangu hajanilipa. Hilo litatazamwa.

Nyie watoto wa siku hizi hamfundishwi, ngoja nikwambie. Babu zangu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani, Wazaramo ndio waliowapokea, na tangu hapo tukawa watani. Naingia kwenu nachukua kuku, nawaita watumwa wangu, namtukana baba yako, na huna haki ya kununa. Mtu akifa kwenu, ndugu mnalia, mie ndiye wa kumsema. Ndugu hawezi kusema kweli kwa sababu ana uchungu. Mtani ana uchungu pia, ila amefundishwa kazi.

Sasa wewe unaniambia mpole. Hao wamelewa nini? Nikupe moja tu. Nimetoka zamu bandarini, nimechoka, napita dirishani kwenu nasikia harufu ya kuungua. Maharage yako jikoni yanalia peke yake, mwenyewe hayupo. Mdundiko ulikuwa umepita mtaani, mtumwa wangu kasikia ngoma, kaacha mwiko sakafuni na kuifuata. Aliifuata mpaka Kongowe huko. Karudi kesho yake, viatu mkononi, sauti imekauka, babu yako kakaa mlangoni kanuna. Unajua alifanya nini? Alimpakulia yale maharage meusi, akamwambia hayo ni mapishi mapya, yanatoka Zanzibar. Na babu yako, Mungu amrehemu, akala. Tena akasifu.

Huyo ndiye mtu mnayemzika. Msinizikie mwingine.

Nitakuja. Mwambie Mwishehe atafute jogoo mwekundu, si wale weupe wa kisasa. Nitavaa baibui lake, nitakaa kwenye kiti chake, na atakayesema neno mpole mbele yangu nitamtafuta.

Hilo kubadhi silijui.

Hapo chini wino umetapakaa, ni mvua. Paa langu linavuja.

Mmiliki wa bibi yako,
Gervas


Mtoni, Temeke
24 Januari 2025

Babu Gervas,

Mambo yameharibika. Barua yako niliiacha mezani, Mjomba kaja kuangalia luku ya umeme, kaisoma. Kasoma mpaka "kale kabibi kamekufa, vizuri," hakuendelea. Nikamwambia, Mjomba, huo ni utani, si unaujua. Akaniambia utani ni wa watu wasio na dini wala kazi, na mama yake hatafanywa kichekesho.

Ameihamishia arobaini kwake Kinondoni. Kaweka geti, kaagiza turubai na maikrofoni. Na kanipa kazi, Babu. Niandike wasifu wa Bibi niusome mbele ya watu wote. Kanitajia mwenyewe maneno ya kuweka: mpole, mnyenyekevu, mwenye kauli laini, hakugombana na mtu. Nikamuuliza, na mdundiko je? Akasema, "Hayo usiyaandike. Nataka mama yangu aheshimiwe."

Nimekaa na karatasi wiki hii yote. Nikiandika anavyotaka, Bibi ndiyo basi, kila mtu ataondoka na huyo mpole wake. Nikiandika kweli, mie ni mtoto, nitaambiwa sina adabu, na Mjomba ndiye aliyebaki kuwa mzazi wangu. Hii kazi haiwezi kuwa yangu. Ni yako. Wewe ukisimama hata Mjomba hatathubutu kukufukuza, anakujua toka anavaa kaptula.

Niambie basi lako linafika lini nije kukupokea Mbezi.

Zuena


Ipuli, Tabora
30 Januari 2025

Zuena,

Sitaweza kuja. Tumbaku yangu iko kwenye kukaushwa na hakuna wa kumwachia moto. Mwaka huu imekubali sana, siwezi kuiacha iharibike kwa ajili ya pilau ya Kinondoni.

Soma anavyotaka mjomba wako. Ni mama yake.

Gervas


Ipuli, Tabora
31 Januari 2025

Zuena mwanangu,

Salamu. Baba hajui kama nakuandikia. Alinipa barua yake nikaitume, nikaisoma njiani, nikaona siwezi kuacha ikufikie peke yake.

Hakuna tumbaku. Baba hana hata mche mmoja. Mwaka juzi sukari ilimpanda, kidonda cha kidole kikakataa kupona, wakamkata mguu juu ya goti. Anatembelea magongo, na mwendo wake ni kitandani hadi barazani. Basi la kutwa nzima haliwezi. Barua yako ya kwanza ilipofika alishinda nayo siku hiyo yote, akaniambia nimtolee suti. Akaivaa. Akajaribu kupanda ngazi za kanisani kama mazoezi ya kupanda basi, akaanguka. Ndipo akaandika hayo ya tumbaku.

Alituapisha wote tusimwambie Bibi Mwanabaraka. Mie nilivunja kiapo. Nilimpigia siku tuliyotoka hospitali kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumlilia. Mama yangu hayupo, na Bibi ndiye aliyenipokea duniani. Umewahi kusimuliwa? Mama alishikwa na uchungu, mvua ya masika, hakuna gari linaloingia Mtoni. Bibi yako alichukua mkokoteni wa muuza maji, akampakia mama, akausukuma mwenyewe hadi hospitali, matope hadi magotini. Baba anakimbia pembeni hajui ashike wapi. Na njia nzima Bibi anapiga kelele watu wasikie, "Tazameni jamani, leo mzigo kabeba Mzaramo, Mnyamwezi anatembea mikono mitupu." Mama aliniambia alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na kwamba bila kicheko kile angekata tamaa njiani.

Basi nilipomwambia habari ya mguu, nikamsikia analia. Sikuwahi kumsikia akilia. Akakata simu. Baadaye akanipigia mwenyewe, sauti yake ya kawaida, akauliza, "Wamemkata upi?" Nikamwambia wa kulia. Akasema, "Haya. Usimwambie kama najua." Hakuuliza tena.

Nimekueleza ili usimchukie baba.

Apolonia


Mtoni, Temeke
5 Februari 2025

Shangazi Apolonia,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea stendi, nikakaa chini palepale kwenye mabegi ya watu.

Wa kulia. Shangazi, mie nina kubadhi la kushoto. Jipya, la kiume, Bibi alilificha chini ya kitanda, wote tukashindwa kujua ni la nini. Nimetoka stendi nimeenda moja kwa moja kwa fundi Erasmus, pale anaposhonea viatu karibu na soko la Tandika. Nimemwonyesha tu, akaanza kutikisa kichwa. Anasema, "Bibi yako alinisumbua na hicho kiatu. Kaja anataka la kushoto tupu. Nikamwambia Bibi, makubadhi hushonwa jozi. Akaniuliza, wewe unaijua miguu ya mtani wangu kuliko mie? Nikamshonea. Akalivaa mwenyewe, akarukaruka nalo hapa kwa mguu mmoja mpaka wateja wakajaa, akasema linafaa."

Alikuwa anamsubiri Babu aje ampe mkononi. Nina hakika. Alikuwa anamsubiri aone atafanya uso gani.

Sasa sikia, Shangazi. Babu hawezi kuja, nimeelewa, na sina kinyongo naye hata kidogo. Ila wewe una miguu miwili na ni Mnyamwezi. Umezaliwa hapahapa Mtoni, matusi unayajua. Njoo wewe. Usinipigie kuniambia unafika lini, usimwambie mtu, nataka hata mie nishtuke. Baibui la Bibi, lile jeusi lenye kiraka kiwikoni, nimeliacha kwa fundi Erasmus kwa jina lako.

Wasifu nimeuandika kama Mjomba alivyotaka. Kila nikiusoma nauweka chini kabla sijafika mwisho.

Zuena


Mtoni, Temeke
17 Februari 2025

Babu Gervas,

Sikupi shikamoo. Nimeshajifunza.

Najua habari ya mguu. Usimkasirikie Shangazi, nisikilize kwanza.

Arobaini imesomwa juzi Kinondoni. Turubai limejaa, masheikh wako mbele, pilau inanukia mpaka barabarani. Dua zilipoisha Mjomba akanipa maikrofoni. Nikaanza. Marehemu alizaliwa Kisarawe, sawa. Aliolewa akaja Mtoni, sawa. Nikafika kwenye "alikuwa mpole," sauti ikagoma. Sikuigiza, Babu, iligoma kweli. Watu wakadhani ni majonzi, wakawa wananiambia pole, pole. Mjomba ananionyesha kwa mkono niendelee.

Mara tukasikia pikipiki getini na mtu anapaza sauti, "Nani mpole? Mnamsoma nani hapo? Au nimekosea nyumba?"

Bodaboda likaingia mpaka chini ya turubai. Nyuma amekaa Shangazi Apolonia, kiume, baibui la Bibi limekunjwa magotini, kiraka kinaonekana. Anampiga dereva begani, "Ongeza mwendo, umebeba mayai?" Ilikuwa sauti ya Bibi kabisa, Babu. Kuna mama mmoja alipiga kelele akajishika mdomo. Shangazi akashuka, akaenda kulala kifudifudi mlangoni pa jikoni, akasema pilau haitoki. "Mtumwa wangu amekufa sikuambiwa. Nataka jogoo, na nataka asemwe kweli."

Mjomba alishaanza kuja, uso umeiva. Sheikh mkubwa, yule mzee wa Kisarawe, akamshika kanzu. Akauliza, "Huyu ni Mnyamwezi?" Wakamwambia ndiye. Akasema, "Basi kaeni. Kisomo tumemaliza. Mpeni haki yake."

Kaanza na maharage yako. Kaucheza mdundiko kutoka jikoni hadi getini na kurudi, viatu mkononi, kamwigiza babu yangu anavyotafuna na kusifu. Kisha mkokoteni. Aliinamia kiti akakisukuma kwenye uwanja mzima, anakutukana wewe, na mwisho akasema, "Na mzigo wenyewe ni mie hapa." Wanawake walikuwa wanacheka huku wanafuta macho kwa mitandio. Muuza dagaa akasimama bila kuitwa, akasema, "Mie aliniita mwizi kila siku ya Mungu, na kila siku alinunua kwangu. Nikiumwa alikuwa anakuja kunigombeza nyumbani na uji mkononi."

Halafu Shangazi akamgeukia Mjomba. "Na wewe Mwishehe. Mwiko ulikupata wapi?"

Mie nilitaka kuingia chini ya meza. Mjomba kasimama, kaangalia chini, kisha polepole akashika sikio la kushoto. "Hapa," akasema. "Mbele ya wakwe. Nilimwambia mke wangu hawezi kupika." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai, na kicheko kikageuka, akalia, Babu, mtu mzima yule, hakutoa chozi tangu mazikoni. Akawa anasema, "Mama yangu alikuwa mkali. Mama yangu alikuwa mkali, jamani." Wakaitikia amin, na hiyo ndiyo amin ya kwanza niliyoiamini.

Jogoo kamkamata Mjomba mwenyewe, mwekundu. Shangazi anakuja naye.

Wasifu sikuumalizia. Nilimpendaga sana bibi yangu na ukali wake wote, na sasa najua kila aliyekuwepo pale alimpenda huyohuyo.

Kwenye mzigo wa Shangazi kuna kitu kimefungwa kwenye gazeti. Hicho hakitoki kwetu. Bibi alikiagiza kwa fundi mwenyewe, mwaka jana, kwa ajili yako. Kilikuwa kinakusubiri.

Kijiti wako,
Zuena


Ipuli, Tabora
25 Februari 2025

Zuena,

Jogoo amefika salama, amemdonoa kondakta. Ana tabia za kwenu.

Mzigo nimeufungua barazani. Apolonia alijifanya anapepeta mchele. Nikafungua gazeti, nikaona kubadhi, nikatafuta jingine. Nikakung'uta gazeti. Ndipo nikaangalia ni la mguu gani.

Nikwambie kwa nini nilimficha. Haikuwa aibu. Tangu wanikate, kila mtu ananihurumia. Padri ananiletea komunyo nyumbani, majirani wananisalimia kwa sauti ya chini, wajukuu wananipa maji kabla sijaomba. Nikasema amebaki mtu mmoja chini ya jua ambaye hajawahi kunihurumia, huyo nisimpoteze. Nilijua akisikia tu, atakuja mpole. Nisingeweza kuvumilia Mwanabaraka aje mpole kwangu.

Kumbe alijua. Alijua, akalia kwa Apolonia, akanawa uso, akaenda kwa fundi kuniagizia kubadhi moja. Na asingekufa, angesubiri nifike, anikabidhi mbele ya mtaa mzima.

Nimecheka mpaka magongo yameanguka. Halafu nimelia, Zuena, na leo paa halivuji. Nilimpenda mtumwa wangu yule. Sikuwahi kumwambia, na angeniambia nikapimwe akili.

Mpe fundi Erasmus salamu, mshono ni mzuri. Ila linanibana kidole gumba. Miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta, mwanamke yule hakuujua hata ukubwa wa mguu wangu.

Jumapili nimelivaa kwenda kanisani. Wamenibeba kwenye ngazi, sikujali. Padri kaliona, kaniuliza jingine liko wapi. Nimemwambia analo mtani wangu, ametangulia nalo, na siku nikifika huko nitamkuta amelivaa.

Mtumwa wa bibi yako,
Gervas